Nilimkana Baba Getini kwa Cheo Nisichokuwa Nacho

Nimekosa, na kosa ni langu peke yangu. Hakuna aliyenilazimisha. Nimechoka kulibeba, ndiyo maana nalitua hapa ambako hamnijui jina wala sura.

Mimi ni mama wa makamo, naishi Mkonze, Dodoma. Ni mkurugenzi wa utawala katika ofisi moja ya mambo ya ulinzi. Ni raia. Neno hilo ndilo nililolikimbia maisha yangu yote ya kazi. Sijawahi kuvaa gwanda la jeshi. Navaa gauni na koti, nashughulika na ajira, likizo na uhamisho, na maofisa wenye nyota mabegani huketi mbele ya meza yangu wakisubiri nisaini. Ni kazi kubwa jamani, na nimeipanda kwa jasho kutoka chini kabisa! Lakini mbele ya baba yangu niliionea aibu.

Baba ni sajini mstaafu. Anaishi Mlali, Kongwa, analima alizeti na karanga. Tulipokuwa wadogo alipenda kusema raia akiingia kambini ni mtu wa kuonyeshwa njia ya kutokea. Alisema kwa utani, mwenyewe akicheka, lakini mimi liliniingia. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, nimepewa jina la mama yake mzazi. Tangu nazaliwa ananiita "mama".

Nilipomaliza chuo nikapangiwa kwenye ofisi hiyo kama afisa utumishi. Nikampigia simu: "Baba, nimepata kazi jeshini." Nikasikia analia. Mzee yule, analia! Akauliza, "Cheo gani, mama?"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Nikasema, "Luteni, baba."

Basi ikawa kila nikipanda ofisini, na Mlali napanda. Nilipokuwa afisa mwandamizi, baba akapata kapteni. Nilipokuwa afisa mkuu, akapata meja. Ukurugenzi msaidizi ukawa luteni kanali. Jasho lilikuwa la kweli, usiku wa kusoma na kulea watoto ulikuwa wa kweli, ila jina ndilo la uongo. Nilipothibitishwa kuwa mkurugenzi, baba alichinja mbuzi, majirani wakala nyama ya kanali.

Nikienda likizo, watu wananisalimia njiani kwa Kigogo, "Mbukwa, Kanali!" Wastaafu wenzake wananipigia saluti huku wanacheka, na mimi naitikia. Baba akiuliza mbona sivai sare, nasema, "Siku hizi haturuhusiwi kuvaa tukiwa likizo." Anatikisa kichwa, anaelewa. Askari huyo, amri ni amri.

Mwaka jana macho yake yakaanza kuondoka. Daktari akasema ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Akanipigia: "Mama, nataka nikuone umevaa kabla giza halijaingia. Mara moja tu." Nikasema nina safari ya kikazi. Akarudia, nikasema tuna wageni. Mwishowe nikaacha kupokea simu zake. Simu za baba yangu mzazi!

Akaja mwenyewe.

Asubuhi hiyo nilikuwa kwenye kikao, nimesimama mbele ya majenerali, natetea watumishi raia. Nawaambia jeshi haliendi bila wao, wapewe heshima yao. Naongea kwa moto! Simu ya mezani ikalia. Ilitoka getini, nikapokea.

"Samahani, Mkurugenzi. Kuna mzee hapa amevaa medali, anamtaka Kanali..." Askari akataja jina langu. "Nimemwambia hatuna kanali wa jina hilo, labda kama ni Mkurugenzi, yule mama raia. Anasema siyo huyo. Anasema Kanali ni binti yake."

Majenerali walikuwa wananitazama. Nikamwona akilini mwangu baba akiingia pale, kifua mbele, anauliza Kanali wake yuko wapi. Nikawaona wakitazamana. Raia anayejipa cheo cha jeshi, tena mkurugenzi! Niliona kazi yangu yote ikimwagika sakafuni.

"Hapa hakuna kanali wa jina hilo," nikasema. "Mwambie amekosea ofisi."

"Lakini Mkurugenzi, jina la ukoo ni lile lile la..."

"Nimesema amekosea ofisi."

Nikaweka simu chini, nikaendelea kutetea raia. Kikao kikanipigia makofi.

Jioni natoka, yule askari wa getini akalisogelea gari. "Mkurugenzi, karibu karanga. Yule mzee kaacha mfuko mzima. Kasema alizileta kwa ajili ya vijana wa Kanali, basi tule tu, hata kama Kanali mwenyewe hayupo."

Nikakinga mkono, akanimiminia. Zilikuwa zile nyekundu ndogondogo za kwetu, amezikaanga kwa chumvi. Ningekataa angenishangaa, nikala. Nimemfukuza baba yangu, na karanga zake natafuna! Niliendesha gari mpaka Mkonze machozi yanatiririka.

Jumamosi nikaenda Mlali. Nilimkuta uani na majirani, anasimulia. "Nimefika mpaka ofisini kwake! Nimemwona kavaa, nyota zinawaka! Askari wote wanasimama wima akipita." Akageuka aliposikia mlio wa gari. "Huyo Kanali anakuja, msalimieni."

Nikashuka garini. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba kama kawaida. Majirani wakanipigia saluti zao, nikaitikia, nitafanyaje?

Walipoondoka nikapiga magoti sebuleni. "Baba, mimi..."

Akainua mkono. "Nimelinda mageti ya kambi nusu ya utumishi wangu. Yule kijana alipiga simu mimi nimesimama naye pale dirishani. Sauti yako naijua."

"Nisamehe, baba. Mimi ni raia. Sikuwahi kuwa askari."

Akaelekeza uso dirishani kwenye mwanga. Kisha akasema, "Ungeniambia mapema ningekasirika wiki moja. Halafu ningekuja kukuona hivyo hivyo, na gauni lako."

Akaomba chakula. Tukala ugali na mlenda.

Nyie mnaofanya kazi ambazo wazazi wenu hawazielewi, nawasihi! Ninyi raia mnaoshika vyeo vikubwa kwenye ofisi za askari, waambieni watu wenu mlivyo. Semeni siku ya kwanza, wakati ni aibu ndogo tu ya kwenye simu. Msingoje mpaka mzee apande basi na medali zake. Mimi nilikuwa na kazi ya kujivunia na baba wa kujivunia naye, nikaona bora nimdanganye.

Najua kuna watakaosema, si amekusamehe? Sijui. Uongo wangu anautunza kuliko nilivyoutunza mimi. Mbele za watu bado naitwa Kanali, na asiwepo wa kubisha. Tukibaki wawili haniiti chochote.

Juzi nimempelekea dawa za macho. Sasa anaona vivuli tu. Alisikia mlango unafunguliwa, akauliza, "Nani?"

"Ni mimi, baba."

Nikasimama pale mlangoni na mfuko wa dawa, nasubiri aniite mama.

"Haya," akasema. "Ingia."