Siku Niliyohamia kwa Bwana Mbung'o

Hapana, sikumhama mume wangu kwa ajili ya mwanamume. Nilimhama kwa ajili ya zumari, nalisema mapema kabla hamjauliza, maana naona mnavyotazamana, na hapa Mtendeni hadithi yangu hii imezunguka mpaka ikanirudia imebeba mtoto (eti nilizaa na Bwana Mbung'o, mtoto mwekundu, nikamficha kwetu Ziba, sasa mtoto mwenyewe mbona hajaja hata siku moja kunisalimu). Aibu niliipata, sikatai. Niliipata mchana kweupe, kwenye ukumbi wa misheni, mbele ya Wazungu, mbele ya mchungaji, mbele ya mama mkwe, na nilikuwa nimejifunga kitambaa kipya kichwani ili nisije nikaonekana mshamba.

Mume wangu Yohana mnamjua, yule wa kwenye picha pale ukutani aliyekunja uso kama anadai. Enzi za Mwingereza alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, na fidla alifundishwa na karani mmoja Mgoa wa reli, ambaye jioni akitoka stesheni alikuwa anakaa barazani kwake anakwaruza mpaka mbwa wa jirani wanahama mtaa. Yohana akaipenda ile fidla, akaipenda, kitandani inalazwa kwanza ndiyo mimi naambiwa nisogee. Sasa mke wa Bwana Shauri (Bwana Shauri ndiye aliyekuwa mkubwa wa wilaya yote) akakusanya watu wa kupiga muziki wa kwao wa kale, muziki ambao waliotunga walishakufa miaka mia mbili na zaidi lakini bado wamekaliwa kooni na watu. Yeye mwenyewe alishika kinanda cha kanisani, kile cha kukanyaga, daktari alikuwa na fidla moja kubwa anaibana kwa magoti kama anakamua mbuzi mkaidi, halafu yule Mgoa, bibi mmoja wa Kizungu wa stesheni, na Yohana wangu. Mwafrika peke yake. Jamani, yule mwanamume mwezi ule alitembea Tabora kama barabara imetandikwa kwa ajili yake.

Lakini mimi nilikuwa na kesi. Ugonjwa wangu mnaujua, mtu akisema, koo langu linamchukua bila kuniomba ruhusa. Kwanza nilimwiga mama mkwe anavyoita kuku wake jioni, nikamwiga vizuri mno, kuku wakaja kwangu wakamwacha yeye na mtama mkononi. Haijapoa hiyo, nikamwiga mke wa mchungaji kisimani, anavyosali kwa pua, "Mbaba yetu wa mbinguni," wenzangu wanakufa kwa kicheko, kumbe yuko nyuma yangu ameshika ndoo. Yohana akanikalisha. Akaninyooshea kidole kama mimi darasa la kwanza.

"Rebeka," akasema (siku zote naitwa Nyamizi, ukisikia Rebeka jua hukumu imefika), "hii ni mara ya pili. Siku ya muziki ukinitia aibu mbele ya watu, kesho yake asubuhi unapanda lori la Igunga na sanduku lako, unashuka kwenu Ziba. Na sitakuja kukufuata."

Nikacheka kidogo. Halafu nikaona sanduku langu ameshalivuta kutoka uvunguni, amelifuta vumbi. Hapo kicheko kikakauka. Nilimpenda yule mwanamume, msinione hivi, nilimpenda pamoja na fidla yake na kidole chake, na kwetu Ziba nilikuwa nimeaga kwa kelele nyingi sana, kurudi na sanduku baada ya miaka miwili ningeanza kusemea wapi.

Basi siku ikafika, Jumamosi alasiri. Ukumbi umejaa, Wazungu mbele kwenye viti, sisi nyuma kwenye mabenchi kama tulivyozoea kanisani, wanawake kushoto, wanaume kulia, njia katikati. Mama mkwe, ambaye alikuwa anatujua wote wawili, mimi na koo langu, akaniambia, "Wewe pita ukae ukutani, mimi nitakaa hapa njiani." Alitaka kunizibia. Ningemsikiliza yule mama leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Lakini pale ukutani kulikuwa na nguzo, Yohana asingeonekana, nikajifanya mkamwana mwema, nikasema, "Hapana mama, na hayo magoti yako, wewe kaa ukutani upate pa kuegemea." Akanitazama muda mrefu. Akapita. Nikakaa mimi njiani. Ni hilo tu, kosa lenyewe lote ni hilo, mengine yalijileta yenyewe.

Mchungaji akasimama kutufafanulia, na sauti yake ile ya kutoka chini ya kisima: "Ndu-gu za-ngu. Hizi ni ngoma za kuchezwa. Wafalme wa Ulaya walizicheza zamani." Tukafurahi. Zikapigwa, moja ya haraka, moja ya madaha, moja ya kurukaruka, nyingine kama watu wanakimbizana kwenye mahindi, na hakuna aliyenyanyuka. Ngoma za kuchezwa, watu wamekaa, mikono mapajani, nyuso kama wako matangani. Bega langu likaanza lenyewe. Mama mkwe akanyoosha mkono kutoka ukutani, akalishika akalirudisha mahali pake. Nikatulia. Nikamtazama Yohana, kola nyeupe, kidevu kwenye fidla, hakukosea hata mara moja, nikasema moyoni leo nimepona, sanduku litarudi uvunguni.

Ndipo akaingia Bwana Mbung'o. Huyu alikuwa Mzungu kijana, kazi yake kukamata mbung'o porini, mwembamba, shingo nyekundu kama ya kuku aliyenyonyolewa, na aibu, ukimwamkia anatazama viatu vyake. Alikuwa na zumari yao nyeusi. Wenye fidla wote wamekaa kushoto, upande wetu wanawake, yeye akaenda kusimama kulia peke yake, dirishani. Mchungaji akanyanyuka tena: "Sasa huyu mmoja atashindana na wale wengi. Yeye atasema, wao watamjibu."

Ewe marehemu mchungaji, usiseme maneno hayo mbele ya binti wa Ziba.

Kwetu baada ya mavuno ngoma zinashindana, nyie wa mjini hamkuziona. Manju huyu anasimama huku na watu wake, manju mwenzake kule na wa kwake, wanapiga siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, na hakuna mzee wa kuamua. Watu wanaamua kwa miguu. Ukisikia kule kumekuwa kutamu, unahamia kule, na watakaobaki na uwanja mtupu wameshindwa. Na huangalii nani ni nani. Baba yangu alimhama kaka yake wa tumbo moja, na jioni walikula pamoja. Kubaki kwenye ngoma iliyopoa kwa sababu manju ni shemeji yako, hilo ndilo lilikuwa la kusemwa kisimani.

Wakaanza. Fidla zikaja na nguvu, zimepangana kama askari, halafu ikajibu zumari, na nilitaka kucheka, ilikuwa kama bata aliyenyimwa maji. Nikasema Yohana keshashinda. Nikabaki. Nawaambia nilibaki, hilo hakuna anayelisimulia.

Halafu ikaja ile ya polepole. Fidla zikashuka chini, zinatembea tu, tu, tu, kama watu wanarudi shamba wamechoka, na juu yao ile zumari ikaanza kusema peke yake. Mimi naweza kuwaiga watu wote, lakini ile siwezi, nimejaribu miaka hii yote nikiwa peke yangu jikoni. Ilikuwa kama mtu anamwita mwenzake aliyekwisha kwenda mbali, wala hapazi sauti, anajua hatasikiwa, anaita tu kwa sababu jina ni zuri. Nikamwona bibi yangu mzaa mama. Nikauona ua wetu wa Ziba na ng'ombe wanaingia. Nikaja kushtuka, niko katikati ya njia, nimesimama.

Hapo bado ningeweza kukaa. Lakini nyuma yangu kulikuwa na mama mmoja wa Nzega, ana mtoto mgongoni, akauliza kwa sauti ya mtu aliyekuwa anasubiri tu, "Kumbe tunahama?" Akanyanyuka. Akanyanyuka na wa pembeni yake. Benchi zima likanifuata, na la nyuma yake, mabenchi yanapiga kelele kwenye saruji, tukavuka njia tukaingia upande wa wanaume, nasi tulikuwa wengi, wanaume wakasimama kutupisha, na waalimu wenzake Yohana, walipoona mwenzao anahamwa, wakavuka kwenda kushoto kumtetea, wakasimama kando ya fidla, "Yohana, tupo, kaza." Ikawa sasa ni mashindano kweli.

Bwana Mbung'o kwanza alidhani tunakuja kumpiga, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga dirisha, macho yamemtoka, lakini zumari hakuiacha mdomoni. Halafu akaelewa, sijui kwa namna gani, mtu wa mbung'o. Shingo ikazidi wekundu, na ilipofika ile ya mwisho, ya haraka, alipiga kama amezaliwa Igunga. Vigelegele vikaanza. Upande wa pili Mgoa anatiririka jasho, daktari anakamua mbuzi wake kwa hasira, na mimi, maana kwetu aliyepiga hivyo hatoki mikono mitupu, nikafungua kile kitambaa changu kipya nikakitandika begani kwa Bwana Mbung'o.

Kitambaa alichoninunulia Yohana.

Nikageuka nimtazame mume wangu. Alikuwa ameshusha fidla. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama mabenchi ya wanawake, yote matupu, isipokuwa kule ukutani, nyuma ya nguzo, mama yake amekaa wima peke yake, mikono juu ya mkoba.

Mke wa Bwana Shauri akaacha kukanyaga kinanda, nacho kikatoa pumzi kama mtu aliyekata tamaa. "Nini hii? Watu nakwenda wapi?" Bwana Mbung'o, kitambaa begani, akaniinamia, "Mama, mimi nashukuru sana. Lakini bado kidogo kwisha." Mchungaji akaja mpaka mbele yangu: "Bi-nti. U-na-kwe-nda wa-pi?" Na hapo, kwa hofu, ule ugonjwa wangu ukanipanda, nikamjibu kwa sauti ile ile yake ya kisimani: "Ni-me-ha-mi-a kwa a-li-ye-shi-nda." Ukumbi wote ulicheka, wanaume kwa wanawake. Alicheka hata Bwana Shauri mwenyewe. Yohana hakucheka.

Tangu siku ile nikialikwa mahali penye muziki wa kukaa natafuta ukuta, nakaa ukutani, hata kama kuna nguzo, hata kama kunanuka popo, na mtu mwenye magoti mabovu akitaka pangu nampa pole tu.

Nyumbani tulirudi wote watatu. Jua lilikuwa bado halijazama. Mama mkwe akaketi kwenye kigoda chake uani akaanza kubangua karanga. Yohana akaingia ndani, akatoka na sanduku langu, akaliweka mlangoni, polepole, kama anaweka kitabu juu ya meza. Mimi nilisimama kichwa wazi, kitambaa kimebaki kwa Mzungu.

"Rebeka," akasema kwa sauti ya chini, afadhali angefoka. "Wangehama watu wote wa Tabora nisingejali. Wewe ndiye uliyetangulia. Mke wangu."

Nikasema, "Mume wangu, ningebaki ningekudanganya."

"Kunidanganya," akasema. Akageuka kwa mama yake. "Unamsikia, mama? Mtazame mama yangu, mtu mzima, hajawahi hata kuishika fidla. Ukumbi mzima umehama. Ni nani aliyebaki na mimi? Mwambie, mama. Mwambie kwa nini ulibaki, apande lori kesho akijua."

Mama mkwe akapuliza maganda kwenye ungo. Akachagua karanga moja, akaitafuna, akaimeza.

"Magoti," akasema. "Ningekuwa na miguu ya huyu mkeo, ningetangulia mimi."