Joto Chini ya Kiti cha Nyuma

"Nani amekuambia ukate zulia hapo?"

Mzee Deusi aliniuliza hivyo jua likiwaka, kwenye kona moja ya mlima unaopanda kutoka Mtowisa, kule bondeni. Kisu kilikuwa mkononi mwangu. Zulia la gari lilikuwa limefunuka, na chini yake ulionekana waya ulionishinda kuuona wiki tatu nyuma.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, siyo rafiki wa rafiki. Na usidhani mimi ni mtu wa kumeza kila anachoambiwa. Chuoni, ukisema kwenu ni Sumbawanga, wenzako wanasogeza sahani zao na kucheka: "Usituroge, dada." Nilibishana nao miaka yote ile. Nilisomea umeme, na umeme hauna mzimu. Waya ama umeungana, ama umekatika. Nikarudi nyumbani kufanya kazi kwenye gereji ya baba mdogo, nina mashine yangu ya kupimia magari na maneno mengi mdomoni.

Gari lenyewe lilikuwa la zahanati moja ya bondeni: kubwa, linavuta magurudumu yote manne, gia zake za otomatiki. Ndilo lililokuwa likipandisha wagonjwa mjini. Mzee Deusi, dereva wake, alilileta asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ya Ufipa ikituuma masikio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, injinia. Huyu mnyama akifika mlimani anang'ang'ania gia ya tatu. Hataki ya pili, hataki ya kwanza. Taa inawaka, nguvu kwisha."

Nikachomeka mashine. Ikasema hitilafu iko kwenye njia ya solenoidi, kile kidude cha umeme kinachoiamuru giaboksi ibadilishe gia. Nikapima kidude: kizima. Nikapima waya: mzima. Nikaendesha hadi Kizwite, humuhumu mjini, na kurudi, gia zikaingia moja baada ya nyingine bila kusita. Basi nikafanya kile ambacho mafundi wengi tunafanya tukishindwa kuuona ugonjwa. Nikafuta kosa kwenye kompyuta ya gari. Taa ikazimika.

"Limepona?"

"Limepona, mzee. Likirudia, basi limerogwa. Lipeleke kwa mganga."

Tulicheka wote wawili. Kicheko kile, niamini, nakisikia mpaka leo.

Baada ya wiki tatu alirudi. Safari hii hakuniita injinia. "Linarudia," alisema, akanikabidhi funguo bila kuniangalia. Mashine ikatoa jibu lilelile. Nikapima tena, kila kitu kizima tena. Ndipo akili iliponijia, imechelewa: mimi nilikuwa nalipima gari kwenye baridi ya huku juu, nalo linaugulia kwenye joto la bondeni. Ungelijuaje tatizo lake bila kulifuata kule linakoumwa?

Tukashuka naye, sisi wawili tu. Kule bondeni tuliliendesha hadi likachemka barabara, kisha alasiri tukaanza kupanda. Kwenye ile kona taa ikawaka. Gari likakwama gia ya tatu, likatetemeka, likasimama. Mzee Deusi akashuka haraka kutafuta mawe ya kuzuia magurudumu. Mimi nikabaki mbele nimeinamia mashine.

"Dada, hapa chini kunaunguza."

Nikageuka. Kwenye kiti cha nyuma alikaa mwanamke, amejifunga kitenge, tumbo kubwa la ujauzito. Sikushtuka. Kwa nini nishtuke? Nilidhani Mzee Deusi alimpa lifti tulipopita Mtowisa, nami sikumwona kwa sababu ya kuinamia mashine yangu. Kitu kimoja tu nilikishangaa. Alikuwa pekupeku na miguu yake ilikuwa imelowa, maji yanadondoka, wakati ni kiangazi na barabara yote ni vumbi.

"Vumilia, mama. Ni joto la injini hilo."

"Siyo injini. Ni hapa, chini ya mguu wa kulia." Akaunyanyua kidogo, kama mtu anayepisha ufagio. "Fanya haraka, dada. Mtoto amechoka."

Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka tu, na mpaka sasa uchovu ule ndio unaoniliza.

Nikavuka nyuma, nikapiga magoti, nikapapasa. Kweli, palikuwa pa moto. Nikakata zulia. Nyaya za giaboksi zilipita pale pale, juu ya bomba la moshi, na bati la kuzuia joto upande wa chini lilikuwa limedondoka. Ganda la waya mmoja lilikuwa limeyeyuka. Pakipata joto waya unalala na kugusa chuma cha bodi. Pakipoa unajinyanyua, na fundi anauona mzima.

"Nimeupata, mama!" nikasema, nikainua kichwa.

Kiti kilikuwa kitupu. Milango ya nyuma ilikuwa imefungwa.

Mzee Deusi akaja na mawe yake, akaniuliza lile swali. Nikamwambia, "Yule mama uliyempakia."

"Mama yupi?"

Nikamweleza kitenge na tumbo. Jiwe likamponyoka. Akakaa juu yake, akavua kofia, akalia kama wanavyolia wazee wetu, bila sauti. Kisha akanisimulia. Siku nne baada ya mimi kusema limepona, alikuwa akimpandisha, yeye na muuguzi, mama mwenye uchungu wa uzazi, mimba ya kwanza. Gari likakwama kwenye kona ileile. Alikimbia mlimani kutafuta mtandao apige simu. Aliporudi, mama na mtoto wote walikuwa wamekwisha fariki.

"Mbona hukuniambia, mzee?"

"Ningekuambia nini, mwanangu? Wewe ulikuwa umesema limepona."

Niliutenganisha ule waya na bodi, nikaufunga kwa tepu. Tukapanda hadi mjini. Gari halijakwama tena.

Nimejihoji sana. Labda pua yangu ilinusa plastiki inayoungua, akili ikajitungia mtu wa kunielekeza. Labda. Lakini wewe unayeshika vyombo vya watu, nakuonya: usifute kosa ambalo hujaliona kwa macho yako. Taa kuzimika siyo kupona. Na mgonjwa akikuambia panapomuuma, papapase kwanza ndipo ubishe.

Mwaka uliofuata, muuguzi aliyekuwa garini siku ya msiba alipita gerejini. Nikamuuliza kama yule mama alisema lolote Mzee Deusi alipokwenda kutafuta mtandao. Akasema ndiyo, alirudia mara mbili kwamba chini ya mguu wake wa kulia kunaunguza. Muuguzi alidhani ni homa. Alimvua viatu, akammwagia maji miguuni.