Aliyenusa Bafa

Fundi wa maabara ya hospitali yetu hapa Kapkatet alinusa kila chupa kabla ya kuijaza, vile mama zetu hunusa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Ndani aliweka bafa, maji ya chumvi maalumu ambamo umeme hutenganisha protini za damu, na aliitikisa polepole huku akiiongelesha Kipsigis. Jumanne moja ya mwaka wa tisini na sita, mgonjwa wetu Chelangat akingoja kwenye benchi na miguu iliyovimba, damu yake ikiwa tayari imetolewa, fundi alinusa bafa ya juzi, akakunja uso, akaimwaga yote. Mimi karani niliguna. "Imeanza kuharibika," alisema, akaanza kupima unga wa chumvi upya. Saa saba mlango ulifunguka kwa kishindo. Yeye ambaye hata salamu alinong'ona, sasa alisikika hadi jikoni: "Kujeni muone, zimetengana!" Tulikimbia sote, mpishi na mwiko wake. Kwenye ukanda mweupe kulikuwa na mistari mitano ya buluu. Chelangat alipenya katikati yetu. "Hii yote ni mimi?" "Ni wewe, mama, ni damu yako. Huu wa kwanza, protini ya kushika maji yasivuje kwenye damu, ndio ungekuwa mnene kuliko yote, na ona ulivyokonda. Sasa tunajua kitu inavimbisha miguu." Fundi akamkumbatia na glavu zake zilizolowa rangi, na Chelangat akarudi wodini akionyesha kila mtu ile rangi ya buluu mgongoni.