Mshono wa Kidonge

Fundi cherehani huisimulia hadithi hii mwenyewe, kabla mkewe hajamuwahi. Daktari alimwandikia kidonge kimoja chenye dawa mbili za presha: moja ya kulegeza mishipa, nyingine ya kupunguza maji mwilini. Hiyo ya maji ilimkera, maana ilimkimbiza chooni akimwacha mteja na suruali ya mguu mmoja.

Siku moja akaona mstari katikati ya kidonge. "Kumbe kina mshono!" akasema. Akawa anakikata kwa mkasi kila asubuhi. Upande mmoja anameza, ule wa maji anatupa. Safari za chooni zikapungua, naye akazidi kujiona mjanja.

Mwezi ulipokwisha, presha ilikuwa imepanda hadi muuguzi akapima mara mbili. Fundi akamweleza ujanja wake, kifua mbele.

"Baba, dawa zimechanganywa. Kila nusu ina zote mbili. Lakini hebu niambie, upande wa maji uliujuaje?"

"Ni ule wa kushoto."

Muuguzi akaweka kidonge kiganjani, akakizungusha taratibu. "Na sasa, kushoto ni wapi?"

Hapo ndipo, husema fundi, alipowaonea huruma wote waliovaa suruali alizoshona.