Muzee Aliyegonga Jibini

Duka langu la jibini liko Majengo. Lina mlango mmoja, meza moja na rafu tatu za mbao. Jibini huteremka kutoka milima ya Masisi, za mviringo, kubwa kama sahani ya ubwabwa wa watu wawili. Mwanzoni niliwauzia majirani bila shida. Kisha ng'ambo ya barabara likafunguliwa duka lenye friji ya kioo na taa ya buluu, na wateja wangu wakaanza kupita mbele yangu wakiyakodolea macho mawe ya lava miguuni, kana kwamba wamedondosha sindano.

Asubuhi moja muzee wa mtaa aliingia kukwepa mvua. Nikampa kiti cha plastiki. Hakukaa dakika mbili, akavuta jibini moja, akaigonga mara tatu kwa kifundo cha kidole, akaiwekea sikio.

"Hii bado inalala," alisema. Akagonga nyingine. "Hii imeamuka. Uzisha hii."

Mama aliyekuwa amejikinga mlangoni akageuka. "Muzee, unapigia fromaji hodi?"

"Ndiyo."

"Na inakujibu?"

"Wewe wakikugongea, haujibu?"

Mama alinunua ile iliyoamka. Kesho yake alirudi na dada zake wawili, nao hawakuja kwa njaa. Walikuja kusikiliza.

Nikamwomba muzee awe anakuja kila asubuhi, chai juu yangu. Niliamini ametengeneza jibini maisha yake yote huko milimani. Mimi ninayeandika kwenye daftari hata rangi ya mwavuli wa mteja, hilo sikumuuliza. Muda si mrefu ikawa hakuna anayenunua jibini isiyogongwa. Watu walipeana habari kama za hali ya hewa: "Leo za rafu ya chini zote zimenuna." Bwana mmoja wa ofisi za Himbi alipiga magoti sakafuni na suruali yake ya pasi, akaweka sikio, akanyanyuka na kutangaza kwamba amesikia ng'ombe.

Ndipo mama mmoja jirani alipokuja kuagiza jibini za sherehe ya mahari ya binti yake. Wageni wangetoka Rutshuru na Masisi, watu ambao huwezi kuwadanganya kuhusu maziwa.

"Patron," aliniambia, "nikipata hata moja mubaya, mutaa wote utajua."

Nilimwamini. Mtaa wote ungevuka barabara kuelekea taa ya buluu, nami ningebaki na rafu zangu. Nikapanga jibini mezani kwa safu, muzee akaanza kugonga, watu wakajaa mlangoni kimya kama wako misani.

Lori likasimama nje. Dereva akatoa kichwa dirishani, akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Muzee wangu! Bado unagonga mipira tu?"

"Mipira gani?" aliuliza mama wa mahari.

"Ya lori, mama! Huyu ndiye alinifundisha kazi, njia ya Bunagana. Kila asubuhi anagonga mupira, anaweka sikio: huu uko sawa, huu hauna mupepo. Fromaji? Huyu hajakamua hata mbuzi!"

Akaokota kofia, akaondoka. Nikamgeukia muzee.

"Ni kweli?"

"Ni kweli. Haukuniuliza."

"Sasa huwa unasikia nini humu ndani?"

"Ikiwa na shimo, inalia tofauti. Kitu cha muviringo ni kitu cha muviringo, mwanangu."

"Kumbe tunakula mipira!" sauti ikatoka nyuma, na duka zima likaangua kicheko. Ng'ambo, mwenye friji alikuwa ametoka mlangoni, meno yote nje. Nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi.

Mama wa mahari hakucheka. "Muzee, ile njia uliifanya mpaka lini?"

"Mpaka magoti yakakataa."

"Na mupira ulikupasukia mara ngapi?"

"Mimi? Hata mara moja."

Akanitazama. "Mutu wa fromaji akikosea, anapata haya. Huyu angekosea, tungemuokota bondeni. Nifungie zote alizosema ziko sawa."

Wageni walikula zote, wakauliza duka liko wapi.

Siku hizi muzee analetewa matikiti, mitungi ya gesi, na mara moja mume wa mtu, agongwe tumbo. ("Huyu mumupunguzie mupepo.") Wiki iliyopita mwenye friji mwenyewe alivuka barabara, kitu cha mviringo kimetuna chini ya koti lake. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akakitoa: jibini ya friji yake. Nikampisha kiti.

Muzee akagonga mara tatu, akaweka sikio, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mwanangu," akamwambia, "na hii, usisafiri."