Mgongo wa Kavinya

Jirani yangu Kavinya alikuja Voi kutoka Ukambani pamoja na mumewe. Mume akafa, akabaki na watoto wadogo na mitungi ya maji. Akina mama wa kwao hubeba maji mgongoni, ukanda wa ngozi ukizunguka mtungi na kupita kwenye paji la uso. Mbebaji huchuchumaa, mwenzake akamwinua. Usipokuwa na wa kukuinua, utakaa hapo bombani mpaka jua lizame.

Mwaka wa tisini na nne mgongo wake ulikataa kazi. Hakula, hakulala, alilia kimya juu ya beseni la nguo alizomfulia Jayshree, mke wa mwenye duka. Siku aliyoshindwa kuinuka pale kwenye beseni, Jayshree alimlaza kwenye mkeka wake akamfundisha yoga: kupinda na kunyoosha mgongo kama paka, kukumbatia magoti kifuani, kupumua taratibu.

"Kila asubuhi," alimwambia. "Ukifanya mara moja ukaacha, haisaidii."

Kavinya alishika neno. Alfajiri, kabla watoto hawajaamka, alitandika mkeka karibu na dirisha. Miezi ilipita, akaanza kulala usingizi wa kweli, na akaanza tena kunitania kwamba chapati zangu zinafaa kuezekea nyumba. Nilifurahi mno.

Halafu mtu akachungulia. Siku hizo kila mahali zilikuwa hadithi za waabudu shetani, na mwanamke anayeinama jua likichomoza alitosha kuwa habari. Kanisani kwake akaambiwa achague, mkeka ule au kanisa.

"Mie huweka paji la uso chini mara tano kwa siku," nilimwambia. "Mbona hawanisemi?"

"Wewe uko na watu wa kukuzika, Mwanaesha. Mimi niko na hao tu."

Akaacha. Nilimkasirikia hadi chai yake sikuitaka. Mgongo ulirudi vibaya kuliko mwanzo, akawa anatambaa kwenda chooni, nami nikimsikia kupitia ukuta akimwomba Mungu amchukue. Mama wa watoto wale, anaomba kufa. Sikujua la kufanya, nikabaki kumpelekea uji.

Nilikuwa mlangoni na bakuli la uji wakati wenzake wa kanisa walipokuja kumwombea, wakiongozwa na Mable, mke wa mchungaji. Mable akawaambia wote wapige magoti, paji la uso sakafuni, mikono mbele. Wakamsaidia Kavinya naye akakaa hivyo. Maombi yalikuwa marefu, na kwa mara ya kwanza nilishukuru urefu wake. Niliona mbavu zake zikipanda na kushuka taratibu, mabega yakilegea. Walipomaliza aliketi mwenyewe, uso umelowa machozi.

"Bwana asifiwe," alisema Mable. "Dada, shuhudia."

Kavinya alimtazama. "Vile tumeinama sasa," alisema, "ndivyo nilikuwa nikifanya pale dirishani."

Walivaa viatu vyao wakaenda.

Kesho yake alirudia mkeka wake, dirisha wazi. Wiki kadhaa baadaye nilimkuta bombani. Amechuchumaa, mtungi umejaa, ukanda uko kwenye paji, na akina mama wale wa kanisa wote wamempa mgongo. Nilitua ndoo yangu nikamwendea mbio. Akanizuia kwa mkono. Alivuta pumzi ndefu, akainuka peke yake, akashika njia ya nyumbani.