Sabuni Tuliyoipika Kalundu

Mzungu mwenye kiwanda cha sabuni pale Kalundu, mjini Uvira, aliondoka mara tu baada ya uhuru. Mume wangu, aliyekuwa mpishi wake wa sabuni, alikaa nyumbani miezi akitazama ziwa. Siku moja akaniambia, "Mama, ile nyumba ya sabuni iko inakufa bure. Tuifufue."

Ofisi ya teritwari, yaani ya wilaya, ilitupa ruhusa. Tulifukuza popo darini, tukaziba bati kwa lami, tukasugua masufuria makubwa hadi yakang'aa. Mawese tulinunua kwa wanawake wa pwani ya ziwa. Sabuni ya kwanza ilitoka laini kama ugali. Ya tatu ndiyo ilikubali kukatwa.

Madukani Uvira bidhaa za nje zilikuwa zimekwisha, lakini watu hawakutuamini. Nikabeba sabuni mpaka soko la Kiringye. Mama mmoja akainusa, akaitupa kikapuni mwangu. "Hii ya nyumbani itatoboa nguo."

Nikavua kitambaa changu cha kichwa, nikakifulia mferejini mbele yao wote. Kilipotakata, yule mama akacheka. "Leta, basi, tujaribu."

Tangu hapo hatukupumzika. Wafugaji walishuka kutoka milimani kuitafuta, wafanyabiashara wa Burundi wakaifuata. Tuliajiri majirani. Mume wangu alianza kuimba tena akikoroga, na sauti yake ilikuwa mbaya, nami niliipenda.

Kisha uasi dhidi ya serikali ukaja. Risasi zilipoanza kusikika upande wa bonde, watu wakakimbilia Burundi, ng'ambo ya mto Ruzizi. Nilimfunga mtoto mdogo mgongoni, nikamwita mume wangu.

"Weye tangulia na watoto," akasema. "Sabuni iko motoni. Na tukiacha nyumba wazi, wezi watang'oa mpaka bati."

"Waache wang'oe!"

"Minye nitawafuata. Nenda, Mama."

Kule Burundi nilikuwa nikisimama njiani, natazama uso wa kila mwanamume anayevuka. Hatimaye akaja mmoja wa wafanyakazi wetu. Aliponiona, akakaa chini kabla ya kunisalimu, nami nikajua. Vijana waasi wenye bunduki walikuwa wamemkuta mume wangu mlangoni mwa kiwanda, wakamwita kibaraka wa Wazungu kwa sababu ya kiwanda kile. Walimchukua kuelekea ziwani. Hakuonekana tena.

Mapigano yalipotulia nikarudi kiwandani; milango haikuwepo. Ila ndani ya sufuria kubwa sabuni yake ilikuwa imejigandia, haijakatwa, na mti wa kukorogea umesimama katikati. Sikuweza kuung'oa peke yangu. Nilikaa sakafuni nikalia mpaka majirani wakaja kunishika.

Siku zile kila mtaa wa Uvira ulikuwa na msiba, hata Nyamianda. Wanawake walikuja kuomba kipande cha kuoshea maiti wao kabla ya kuwazika. Nilikata, nikawagawia wote. Kila aliyepokea aliondoka haraka kwenda kwa mtu wake. Mimi nilibaki na kisu mkononi, sina wa kumwosha.